Chaki Mkononi mwa Mtoto

Jioni ya leo nataka tuzungumze juu ya ukuta wa chumba anacholala mtoto. Nina ombi kwa kila mzazi anayenisikia: chagua kipande cha ukuta huo, kisichozidi upana wa milango miwili, ukipake rangi ya ubao, umpe mtoto chaki na umwambie hapa ni pako. Achore, aandike, afute, achore tena.

Najua wapo watakaosema hayo ni mapambo ya majumba tunayoyaona kwenye televisheni. Sikubaliani nao. Ni jambo la nyumba ya kawaida, iwe Tabata, Nyegezi au Ng'ambo kule Unguja, na karibu vifaa vyake vyote vinapatikana kwenye duka la vifaa vya ujenzi la mtaa wenu. Kinachohitajika zaidi ni subira ya siku chache na uamuzi wa mzazi, na huo uamuzi ndio mgumu.

Nianze na mtoto mwenyewe. Mtoto akishaweza kushika kitu mkononi, atachora. Ukimnyima kalamu atakwenda jikoni kuchukua mkaa, ukimnyima mkaa atachora kwa kidole kwenye vumbi la gari la jirani. Kule San Francisco, Marekani, alikuwapo mwalimu wa watoto wadogo aliyeitwa Rhoda Kellogg. Alikusanya michoro ya watoto wa nchi nyingi kwa miaka mingi, na katika kitabu chake cha mwaka 1969 alionyesha kwamba hata yale makorokocho ya mtoto wa miaka miwili, ambayo sisi tunaona hayana kichwa wala miguu, yana mpangilio wake. Aliorodhesha mikwaruzo ya msingi 20: nukta, mstari wa wima, mstari wa mlalo, mviringo na mingineyo. Katika mikwaruzo hiyo ndimo linamotoka duara. Duara linaota miale, linakuwa jua. Jua linatiwa macho na mdomo, linakuwa mtu. Mzazi yeyote anamfahamu yule mtu wa kwanza wa mtoto wake: kichwa kikubwa, na miguu imetokea moja kwa moja kidevuni.

Wataalamu wa makuzi wanasema duara aghalabu hupatikana mtoto akikaribia miaka 3, msalaba karibu miaka 4, na mraba baadaye kidogo. Watoto hawalingani, kwa hiyo usishike kalenda ukamsimamia mwanao. Ninayataja haya ili tukubaliane kwamba mikwaruzo ni kazi. Mtoto anapokwaruza anajenga mkono, jicho na fikra kwa pamoja, na herufi ya kwanza atakayoandika shuleni itasimama juu ya mikwaruzo hiyo.

Sasa jiulize anakwaruzia wapi. Watu wa umri wangu tulichora chini. Uwanja wa nyumba ulikuwa wa udongo au mchanga, umefagiwa asubuhi, na kijiti hakikosekani. Tulichora nyumba, tukachora lori la mizigo, tukachora miraba ya kuruka kwa mguu mmoja, jioni mvua au ufagio ukafuta vyote na kesho tukaanza upya. Viwanja vingi vya mjini leo vimemwagwa zege au kuwekwa vitofali vya sakafu, na mtoto wa ghorofani hana hata uwanja. Amebakiwa na daftari, na daftari ni dogo. Mtoto wa miaka minne huchora kwa mkono mzima kuanzia begani. Anataka kunyanyuka kwa vidole vya miguu, avute mstari kutoka juu hadi chini, arudi nyuma atazame. Ukuta unamruhusu kufanya hivyo. Halafu daftari likiisha linaisha, na kila ukurasa alioukosea unabaki pale ukimtazama. Ubaoni anafuta.

Kuna jambo jingine, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Tazama ubao ulivyokaa katika maisha yetu. Katika vyuo vya Kurani vya pwani, kwa vizazi vingi, mtoto alikuwa na ubao wake wa mbao. Aliupakata mapajani, akauandika kwa wino, akishahifadhi anauosha na kuandika aya nyingine. Ubao ulikuwa wa mtoto. Ilipokuja shule ya darasa, ubao ulipanda ukutani. Huyo anayetajwa mara nyingi kuwa miongoni mwa waanzilishi wake, James Pillans, alikuwa mkuu wa High School ya Edinburgh, Scotland, mwanzoni mwa karne ya 19, na alitumia ubao mkubwa na chaki za rangi kufundishia jiografia. Ulikuwa uvumbuzi mzuri sana, kwa sababu mwalimu mmoja aliweza kuonyesha ramani moja kwa darasa zima. Lakini kuanzia hapo chaki imekuwa mkononi mwa mwalimu. Mtoto anauona ubao kwa mbali, na siku akiitwa mbele, darasa lenye watoto themanini linamtazama mgongoni, huku yeye akijua kwamba akikosea watacheka. Wengi wetu tumekua watu wazima na bado tukishika chaki mbele za watu mkono unatetemeka.

Ubao wa chumbani unaweza kuugeuza utaratibu huo. Chaki inarudi kwa mtoto. Anakosea akiwa peke yake, anafuta, hakuna aliyeona. Hiyo ndiyo sababu ninayoitilia mkazo, na ndiyo maana nitawasihi mbele kidogo msiugeuze ukuta huo kuwa darasa la pili.

Tuingie kazini. Kwanza ukuta wenyewe. Ukuta mzuri ni wa ndani, uliopigwa lipu laini, mkavu, usio karibu na mto wa mtoto. Kama lipu ni mpya, subiri kama mwezi mzima, siku 28 hivi, kwa sababu saruji mbichi ina unyevu na ukali unaobabua rangi. Kama nyumba ni ya zamani, chunguza unyevu unaopanda kutoka chini. Wakazi wa Dar es Salaam na miji mingine ya pwani wanaujua: rangi inavimba, inabanduka, na unga mweupe wa chumvi unatokeza juu kidogo ya sakafu. Kipimo chake ni rahisi. Chukua kipande cha nailoni, kibandike ukutani kwa tepu pande zote nne, kiache usiku kucha na mchana wa pili. Ukikuta matone nyuma ya nailoni, ukuta una maji, na rangi yoyote utakayopaka ni pesa iliyotupwa. Tafuta ukuta mwingine, au tumia njia ya hadibodi nitakayoieleza.

Wale mnaoishi Mji Mkongwe wa Zanzibar, au Lamu, katika nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, naomba msipake kabisa. Kuta zile zinapumua. Unyevu unaingia na kutoka kupitia chokaa, na ukizifunika kwa rangi ya kisasa unyevu unanasa ndani na lipu inaanza kumomonyoka. Nyumba hizo zimedumu kwa sababu mafundi wa kale walilijua hilo. Ninyi tundikeni ubao.

Kimo nacho kina hesabu yake. Mtoto wa miaka mitatu ana wastani wa sentimita 95 hivi, wa miaka mitano ni kama sentimita 110. Akinyoosha mkono, wa miaka mitano anafika juu kidogo ya kimo chako cha kifuani. Kwa hiyo anza rangi sentimita 30 kutoka sakafuni na uishie kwenye mita moja na nusu. Nimeona kuta zilizopakwa kwa kipimo cha mtu mzima, zikaanzia usawa wa meza na kupanda hadi karibu na dari. Ni nzuri kwa picha, lakini mtoto anatumia ukingo wa chini tu, na anapofuta anavutia kiti apande, ndipo anapoanguka. Upana ukiwa mita 2, inatosha kwa watoto wawili kuchora bila kupigana viwiko.

Wala usipake ukuta mzima. Rangi nyeusi inameza mwanga, na vyumba vyetu vingi vina dirisha moja lenye nondo na wavu wa mbu. Chumba kitakuwa giza, na mtoto hatapenda kulala humo. Kipande kimoja kinatosha. Kijani kilichokoza, kile cha ubao wa shule, kinapunguza giza na chaki nyeupe inaonekana vizuri juu yake.

Sasa rangi. Rangi maalumu ya ubao inauzwa kwenye maduka makubwa ya rangi, na ukiipata nunua, fuata maelezo ya kwenye kopo. Ukiikosa, au ukiona bei yake imekuzidi, inatengenezeka. Nenda kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, Gerezani Kariakoo kwa wa Dar es Salaam, au popote penye mafundi, uombe lita moja ya rangi ya maji isiyong'aa, nyeusi au kijani kilichokoza. Sisitiza isiyong'aa, kwa sababu ile yenye kung'aa chaki huteleza juu yake kama juu ya kioo. Lita moja hupaka karibu mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, na ukuta wetu hauzidi mita za mraba 3, hivyo kopo hilo litapaka mikono mitatu na kubaki. Pamoja nayo nunua grauti, ule unga wa saruji wa kuzibia mianya ya vigae, ile laini isiyo na mchanga. Kama rangi ni nyeusi chukua grauti ya kijivu au nyeusi, maana nyeupe itaipausha. Ongeza msasa laini, tepu ya karatasi na rola ndogo ya sponji. Brashi utaihitaji kwenye pembe tu.

Siri ya ubao ni ukwaru. Chaki ni laini, na ili iandike lazima ikutane na kitu kinachoisugua kidogo na kubaki na unga wake. Hiyo ndiyo kazi ya grauti ndani ya rangi. Kipimo ni kikombe kimoja cha chai cha rangi kwa vijiko 2 vya mezani vya grauti. Mimina rangi kwenye ndoo ndogo, nyunyiza unga kidogo kidogo huku unakoroga, uhakikishe hakuna donge hata moja, kwa kuwa donge moja likipita kwenye rola litavuta mfereji ukuta mzima. Mchanganyiko ukiwa sawa unakuwa mzito kuliko rangi ya kawaida, unadondoka taratibu kwenye kijiti na kuacha utepe unaochukua muda kuzama. Changanya kiasi utakachokimaliza kwa mkono mmoja. Grauti ina saruji na saruji haimngoji mtu: ukiacha ndoo ukaenda kula, utarudi ukute imeanza kuganda, na kuiongeza maji hakuiponyi. Vaa glovu, funika pua unapomimina unga, na mtoto awe nje.

Kabla ya kupaka, safisha ukuta, ziba nyufa na matundu ya misumari, piga msasa, futa vumbi kwa kitambaa chenye maji, uache ukauke. Pima kipande chako kwa kamba na penseli, zungushia tepu. Mkono wa kwanza upake kutoka juu kwenda chini. Ukikauka vizuri, gusa kwa msasa laini, ufute vumbi, upake mkono wa pili kwa kwenda kushoto na kulia. Mkono wa tatu kama bado unaona mabaka. Vua tepu rangi ya mwisho ikiwa bado haijakauka kabisa, mstari utatoka safi.

Halafu subiri siku 3. Hapa ndipo wazazi wengi wanapoharibu kazi nzuri, kwa sababu rangi ikiguswa jioni ileile inaonekana kavu, na mtoto amesimama mlangoni na chaki mkononi anauliza tayari. Haijawa tayari. Ndani bado inakaza. Siku ya tatu ikipita, chukua kipande cha chaki nyeupe, kilaze ubavu, ukipitishe ukutani kote, wima kisha mlalo, mpaka ubao wote upauke. Ufute kwa kitambaa kikavu. Kazi hiyo huziba vitundu vidogo vya rangi kwa unga wa chaki. Ukiiruka, mchoro wa kwanza kabisa ndio utakaojaza vitundu hivyo, na utabaki unaonekana kwa mbali hata ukifuta mara mia.

Nimetaja vijiko na vikombe, lakini jambo ninalolihofia zaidi si ubao kushindwa kuandika. Ni kile tunachokiweka karibu na mdomo wa mtoto. Shule zetu nyingi za vijijini zimekuwa zikiweusisha mbao zake kwa mkaa uliotwangwa na majani mabichi, na pengine kwa ule unga mweusi wa ndani ya betri za redio. Walimu walifanya hivyo kwa moyo, hawakuwa na kingine. Mkaa na majani ni kitu salama. Unga wa betri usiuingize chumbani kwa mtoto hata kidogo. Una manganizi na chumvi za zinki, na betri za zamani zilikuwa na zebaki pia, na vumbi hilo lingeanguka sakafuni anapotambaa mdogo wake.

Kuna madini ya risasi vilevile. Risasi iliwekwa kwenye rangi, hasa rangi za mafuta, ili ing'ae na ikauke haraka, na njano na nyekundu kali ndizo zilizokuwa nayo nyingi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Inapunguza akili ya mtoto, na haina dalili ambayo mama ataiona mapema. Kikomo kinachopendekezwa kimataifa kwa rangi ni sehemu 90 kwa milioni moja, na tangu mwaka 2013 kila Oktoba kuna wiki ya dunia nzima ya kuzungumzia sumu hiyo. Kwa hiyo nunua rangi ya maji, yenye kopo lililofungwa na maandishi yanayosema haina risasi. Na kama ukuta wako una rangi ya mafuta ya miaka mingi, usiupige msasa mkavu. Ulowanishe, upige msasa ukiwa na maji, futa, na kitambaa hicho ukitupe. Watoto na mama mjamzito wasiwepo nyumbani siku hiyo. Ukiona rangi inabanduka yenyewe kwa vigae vigae, achana na ukuta huo, tumia hadibodi.

Chaki sasa. Ile ya shule, kwa sehemu kubwa, ni jasi. Mawe ya jasi huchimbwa nchini, Makanya wilayani Same na Itigi mkoani Singida ni miongoni mwa machimbo yanayojulikana. Mawe hayo yanasagwa, yanachomwa kwa joto la kiasi ili maji yaliyomo yatoke, unga wake ukikorogwa na maji tena unaganda, na ukiganda ndani ya kalibu nyembamba unatoa chaki. Maswa mkoani Simiyu kuna chaki zilizotengenezwa na vijana wa hukohuko, na mimi hufurahi ninapoziona dukani. Mtoto akilamba chaki hii ya shule haitamdhuru kitu, japo asiachwe aizoee.

Lakini kuna chaki nyingine, na hapa naomba uongeze sauti ya redio. Wapo wachuuzi wanaopita mitaani na kwenye stendi wakiuza chaki ya kuua mende na sisimizi. Ni nyeupe, ina urefu uleule na unene uleule wa chaki ya shule. Ndani yake kuna sumu ya wadudu, mara nyingi deltamethrin au cypermethrin. Nchini Marekani serikali imepiga marufuku kuiuza na kuonya wazazi, kwa sababu watoto wameichezea na kuila wakidhani ni ya kuandikia. Fikiria nyumba ambayo mtoto amezoeshwa kwamba kila chaki ni yake! Ukiweka ubao chumbani, chaki ya mende isiingie tena ndani ya nyumba hiyo. Haitoshi kuificha juu ya kabati. Isiwepo, na mwambie dada wa kazi, bibi na kila anayekuja kukaa kwenu.

Vumbi ni la kudhibiti. Pigilia chini ya ubao kijirafu chembamba cha mbao, hata ya paini ya Mafinga, kikinge unga na kubeba vipande vya chaki. Ufute kwa kitambaa chenye unyevu mdogo, kipande cha khanga kuukuu kinafaa kuliko dasta, kwa sababu dasta hupeperusha. Sakafu ipigwe deki, isifagiliwe kavu. Mwenye mtoto wa pumu aweke ubao barazani au kwenye korido, wala asione ameukosa uhondo. Barazani watoto wa jirani nao watachora.

Nilisema nitarudi kwenye hadibodi. Wapangaji wengi mnanisikiliza, na mwenye nyumba hatafurahia ukuta mweusi. Nunua bamba la hadibodi au plaiwudi, huuzwa kwa futi 4 kwa 8, ambayo ni takriban mita 1.2 kwa 2.4. Lipunguze, lizungushie fremu ya mbao, upande laini upigwe msasa na kupakwa rangi ileile kwa utaratibu uleule, kisha ulifunge ukutani kwa skrubu nne imara. Usiliegemeze tu, litamwangukia mtoto. Mkihama mnahama nalo. Edward Tingatinga, mchoraji wetu mashuhuri, alianzia kwenye vipande vya hadibodi pale Oysterbay mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za kawaida za dukani, na picha zake zimefika kwenye makumbusho ya dunia. Bamba hilo lina historia njema hapa kwetu.

Ukuta umekauka, chaki ipo. Baki la kazi ni la mzazi, na hapa ndipo ninaposihi. Tunaipenda elimu, na tunawapenda watoto wetu, na kwa mapenzi hayo baba anarudi kutoka kazini, anauona ubao, anachukua chaki na kuandika a e i o u juu kabisa kwa mwandiko mzuri. Kesho yake mama anaongeza hesabu za kujumlisha. Wiki inayofuata mwalimu wa tuisheni anasimama mbele yake. Ubao umeshachukuliwa, na mtoto, ambaye shuleni ameutazama ubao wa mtu mwingine tangu asubuhi, anaukuta mwingine chumbani.

Nilikaa jioni moja katika nyumba ya dada mmoja Tabata aliyepaka ubao wa namna hii. Binti yake ana miaka mitano. Alichora daladala, mstatili mrefu wenye magurudumu sita upande mmoja, na madirisha yote yakiwa na vichwa. Kisha akachora kichwa kimoja nje ya daladala, juu, kimeelea hewani. Nilitaka kumsahihisha, mama yake akanishika mkono. Mtoto alirudi nyuma hatua mbili, akatazama, akafuta kile kichwa kwa kiganja, akakichora tena palepale, safari hii na mkono mrefu uliofika hadi mlangoni. Alikuwa konda. Kumbe alijua tangu mwanzo ni nani, alichokitafuta ni namna ya kumshikiza. Hakuna aliyemfundisha hilo, na kama ningefungua mdomo angeliacha.

Kwa hiyo sheria za ubao ziwe chache. Chaki inaandika ndani ya fremu, kuta nyingine haziguswi. Anayefuta ni mwenye ubao, ndugu zake waombe ruhusa kwanza. Mtu mzima anaandika akialikwa. Ukialikwa, chora, usifundishe, na ukichora vibaya ni heri zaidi. Akikuuliza herufi ya jina lake inavyoandikwa, mwonyeshe hiyo aliyoiuliza, umrudishie chaki. Na anapochora kitu usichokielewa, mwambie, "Hebu nisimulie," kisha usikilize mpaka amalize.

Kuna mama alinitumia ujumbe akiuliza itakuwaje mtoto akikua na kuutaka ukuta wake mweupe. Osha ubao kwa maji na sabuni hadi unga wote utoke, uache ukauke siku mbili, piga msasa laini wenye maji, paka andakoti nyeupe mikono miwili maana nyeusi ina tabia ya kupenya, halafu rangi ya chumba. Ubao ukishakauka, fundi rangi yeyote ataimaliza kazi iliyobaki kwa siku moja. Ila kabla hujamwita, muulize mwenye chumba.